Keki ya Kupeleka Hospitali

Tarehe 11 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na oveni, ule mlango wake umeshatengenezwa au bado unaufunga kwa teke? Sisi huku tu wazima leo, lakini wiki hii tulikiona cha mtema kuni. Ningekupigia simu, ila mashine ya kukandia imeshakuharibu masikio, tungeishia kupigiana kelele tu.

Unajua nilikuwa nirudi kazini. Tajiri wangu wa duka la miwani ameningoja vya kutosha, lenzi zimerundikana mezani kwake. Basi nikanunua kopo la maziwa ya watoto ili mchumba wako, huyu mjukuu wako, aanze kuzoea chupa mchana nikiwa sipo. Alinyonya vizuri, tena kwa uroho. Sijamaliza hata kumfuta mdomo, midomo ikaanza kuvimba. Vipele vikatoka shingoni vikashuka mpaka tumboni, kisha akatapika, akatapika tena, akalegea mikononi mwangu. Baba, nilitoka na kiatu kimoja.

Hospitali wakamwahi. Yule daktari wa watoto, mama mmoja mpole, akamchoma vidoa vidogo mkononi kwa sindano isiyouma, kila kidoa na chakula chake. Kidoa cha maziwa kikavimba kama ameumwa na nyuki. Akasema ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Kumbe hata ule ukurutu wa mashavuni tuliodhani ni joto na sabuni, chanzo ni hicho. Mimi nikinywa maziwa, kidogo kinapita kwenye ziwa langu na kumfikia.

Kwa hiyo naendelea kumnyonyesha, ila mimi mwenyewe niache kila kitu chenye maziwa. Chai ya maziwa, siagi, mtindi, jibini, biskuti. Nimepewa vidonge nisije nikaisha mifupa. Na akiwa bila mimi, kuna maziwa maalum ya kopo ya hospitali, yananuka kama karatasi iliyolowana lakini anayameza.

Sasa baba, hili ndilo gumu. Ule mkate wa maziwa unaotuma kila Alhamisi kwa dereva wa basi, usitume tena kwa sasa. Usikasirike. Nitautamani kuliko unavyodhani.

Binti yako

---

Tarehe 17 Februari

Mama,

Marahaba, marahaba. Mgongo upo, haujahama. Mlango wa oveni bado teke.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Nashukuru mchumba wangu amepona, pole sana na wewe. Kile kiatu cha pili ulikipata?

Lakini hebu tuongee kama watu wazima. Maziwa? Mwanangu, wewe umekua kwa maziwa. Ulipokuwa mdogo mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anaficha jagi juu ya kabati na wewe unapanda. Mimi nimelisha mji huu mkate wa maziwa tangu nina nywele kichwani. Watoto waliokuja dukani wamebebwa leo wanakuja na watoto wao. Sijaona hata mmoja aliyevimba. Huyo daktari wako ana umri gani?

Jirani yangu fundi baiskeli anasema dawa yake ni maziwa ya mbuzi, ni mepesi, hayana ubishi. Ana mbuzi wawili wanaokamuliwa. Ukisema neno moja tu naweka chupa kwenye barafu, dereva anakuletea.

Hata hivyo sitaki ugomvi na mama mwenye mtoto mgonjwa. Hutaki maziwa, hutapata maziwa. Nitakuokea mkate wako peke yako, wa maji na mafuta. Mimi ndiye mwokaji. Nikikwambia mkate hauna maziwa, basi hauna. Sikubali mwanangu anunue mkate wa dukani uliokatwakatwa kama nguo, eti kwa sababu baba yake kashindwa.

Mbusu huyo mchumba, mwambie asinune.

Baba yako

---

Tarehe 6 Machi

Baba,

Shikamoo, na ahsante. Mkate umefika ukiwa mzima, haujakaliwa na mtu. Nilikula nusu nimesimama jikoni. Sijui umefanyaje bila maziwa ukawa laini vile, lakini wewe ni wewe.

Daktari ana mvi, kama ilikuwa inakusumbua.

Mbuzi hapana. Nilimuuliza kabisa, nisikuvunje moyo bure. Anasema maziwa ya mbuzi na ya ng'ombe yanafanana mno ndani, mwili wa mtoto hautofautishi, atavimba vilevile. Mshukuru fundi baiskeli, mwambie awanywe mbuzi wake mwenyewe. Na hii siyo kama ile shida ya watu wazima, wakinywa maziwa tumbo linaunguruma na kujaa gesi. Hao wanashindwa na sukari ya maziwa, wanateseka lakini hawafi. Mchumba wako mwili wake unadhani maziwa ni adui, unapigana nayo, na kwenye vita hiyo anayeumia ni yeye. Tone linatosha.

Kinachonichosha ni watu. Kila mtu ana "kidogo tu". Wifi yangu: kidogo tu, azoee. Mama wa duka la jirani: kidogo tu, mbona wangu alikunywa. Juzi nimekuta mtu anamkaribishia kidole chenye aiskrimu. Nikapiga kelele mpaka nikajionea aibu. Nimekuwa mwanamke wa kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti, yale madogo, natumia lenzi za dukani. Maziwa yanajificha, baba. Yapo kwenye soseji! Nani aliyeweka maziwa kwenye soseji?

Ndiyo maana mkate wako umenipa raha. Kuna kitu kimoja ninachokula bila kusoma.

Ukurutu umepungua, ila haujaisha. Kuna siku unarudi, mashavu yanawaka, anajikuna usingizini. Labda ni sabuni kweli. Nimeshabadilisha.

Binti yako

---

Tarehe 13 Machi

Mama,

Marahaba. Nimecheka hiyo ya soseji mpaka wateja wakaniuliza nina nini.

Sasa sikiliza na mimi nikuchekeshe. Nilikuwa napaka majarini kwenye makopo ya kuokea, nikijua ni ya mimea tu, picha ya ua ipo pale mbele. Baada ya barua yako nikaichukua nikaipeleka mlangoni penye mwanga, nikavaa ile miwani uliyonitengenezea. Unga wa maziwa! Imeandikwa, mstari wa tatu, herufi za sisimizi. Miaka yote hiyo. Nimeitupa mbali na mkate wako, kopo lako sasa napaka mafuta ya alizeti.

Nimenunua kopo jipya, ni lako tu, nimelichora kwa msumari. Beseni lako jipya. Siku ya mkate wako nafagia meza, naosha mikono mpaka kwenye kiwiko, nakanda wako kabla sijafungua maziwa ya mikate mingine. Ukitoka unang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Mama, sijawahi kuoka kwa heshima hivi hata siku meya alipoagiza keki.

Daktari nimemsamehe kwa ajili ya mvi.

Nina hamu na huyo mtoto. Nilimwona amezaliwa tu, amekunja uso kama karani wa ardhi. Nitafunga duka siku moja nije.

Baba yako

---

Tarehe 3 Juni

Baba,

Shikamoo.

Naandika kutoka wodini. Mtoto yuko hai, nakwambia hilo kwanza.

Ameanza kula tangu mwezi uliopita, viazi, ndizi, yai, nyama ya kusaga, vyote vizuri. Jana asubuhi nilimkatia ganda la juu la mkate wako, lile laini, nikalilowanisha kwa maji. Nilimpa huo kwa sababu ni wako. Alilitafuna kwa fizi akicheka. Ghafla akaanza kukohoa. Uso ukavimba mpaka macho yakapotea, na kila akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi. Baba yake alimbeba akakimbia naye barabarani akisimamisha magari. Walimchoma sindano pajani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nimeiona kwa macho yangu.

Daktari akaniuliza amekula nini. Nikamwambia mkate usio na maziwa. Akaniuliza nina uhakika. Nikasema ndiyo, ameoka baba yangu. Wamepima kipande kilichobaki, kina maziwa.

Uliniahidi. Ninachoweza kufikiria ni kwamba na wewe uliona kidogo tu hakitamdhuru. Kwamba ulinichekesha kwa hadithi za makopo na beseni, huku umeamua moyoni kuwa daktari haelewi.

Usitume tena kitu chochote cha kuliwa. Na usije kwanza. Nguo zako zina unga wa maziwa na mimi sina nguvu ya kuanza kukuhoji mlangoni.

Binti yako

---

Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma, nikafunga duka watu wakiwa kwenye foleni. Je, anapumua vizuri sasa? Anakula? Niandikie hata mstari mmoja.

Lakini hilo ulilosema sikubali. Nikatae vipi tena? Sikuweka maziwa. Sikuweka kidogo, sikuweka tone. Nilikukandia kwa maji. Nilisimama juu ya beseni lile kama askari wa benki. Unafikiri mimi naweza kumwekea mtoto wako kitu ulichokikataza, kisha nikakuandikia mzaha? Unanijua mimi. Nina mdomo, napenda kubishana, lakini nikibisha nabisha mbele ya mtu, sifanyi kwa nyuma.

Huenda ni dereva, huenda mkate uligusana na mzigo wa mtu. Huenda hao wapimaji walichanganya vipande. Watu hukosea. Mimi sikukosea.

Imeniuma kuwa umefikiria hivyo kabla ya kuniuliza.

Baba yako

---

Tarehe 2 Julai

Mama,

Hujajibu, na sasa najua ulikuwa sahihi kutojibu.

Jumanne niliamua kuoka mkate wako, hata kama hauendi popote. Nilitaka kujithibitishia. Nikafanya kila kitu kama siku zako zote, tena nikawa nakitaja kwa sauti, kana kwamba umekaa pale juu ya gunia ukinisimamia. Unga, maji, chumvi, sukari, hamira, mafuta. Nikakanda. Nikaumua. Nikaingiza kwenye oveni. Hakuna maziwa popote, nikaanza hata kukukasirikia upya.

Mkate ukaiva, nikautoa. Mama, nilipogeuka kuuweka mezani, mkono wangu wa kulia ulikuwa tayari na brashi. Brashi ilikuwa ndani ya bakuli. Nikajiona napaka.

Ni lile bakuli linalokaa pembeni ya mlango wa oveni. Maziwa na siagi, nayatayarisha nikiwasha moto, kabla ya kitu kingine chochote. Kila mkate ukitoka wa moto unapakwa juu ili ulainike ganda na ung'ae. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa kazi, nikikosea napigwa kwa mpini wa brashi hiyohiyo. Siwazi tena. Ni kama kufunga mlango nikitoka. Kwangu mimi lile bakuli halikuwa maziwa, lilikuwa mng'aro. Nilitupa majarini kwa ajili ya mstari mmoja, kisha nikaupaka mkate wako maziwa mabichi, kila wiki, kwa furaha. Na wewe ukampa ganda la juu.

Nilikaa chini. Nilikaa pale mpaka mikate mingine ikaungua.

Sikukudanganya, nataka ulijue hilo. Lakini nilimwumiza mtoto, na ulipolia nilikujibu kwa ubishi, nikawasingizia dereva na wapimaji. Ule ukurutu wa mashavuni uliokuwa unarudi, uliobadilisha sabuni kwa ajili yake, pia ulikuwa mimi. Naomba radhi. Sikuombi unijibu.

Baba yako

---

Tarehe 20 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimepata barua. Nimemsomea na baba yake. Nimekuamini.

Lakini kukuamini hakujanitoa hofu. Nikiangalia mkate wowote naiona ile midomo yake. Naomba uniache kidogo. Mtoto anapumua vizuri, anatambaa, anavuta nyaya za redio ya baba yake.

Binti yako

---

Tarehe 8 Novemba

Mama,

Marahaba ya zamani, maana salamu ya mwisho ilikuwa Julai. Sikusumbui, naleta mzigo tu.

Dereva atakupa kiti kidogo. Kimetengenezwa na seremala wa mtaa wa nyuma, nilikaa naye mpaka amalize. Ni mbao tupu, hakuna rangi, hakuna vanishi. Nimekikagua mwenyewe juu na chini: hakina maziwa.

Naambiwa amefikisha mwaka na anasimama kwa kushika. Akishika hicho hakianguki, nimekikalia mimi.

Huku mvua. Mlango wa oveni umetengenezwa, sasa nimekosa cha kupiga teke. Nimebandika karatasi ukutani juu ya lile bakuli, maandishi makubwa: HAYA NI MAZIWA. Wateja wanadhani ni ya kwao.

Nawaza juu yenu kila siku. Nimemaliza.

Baba yako

---

Tarehe 15 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Vipi mgongo? Nimechelewa mno, na sina sababu nzuri. Kila nikianza barua nilikuwa naona inataka iwe kubwa, naiacha.

Kiti anakipenda kuliko sisi. Anakiburuta nyumba nzima, wa chini wanagonga dari kwa ufagio. Akikasirika anakwenda kukikalia akitugeuzia mgongo. Kununa kule amekurithi wewe.

Sasa kuna jambo. Tulikuwa kwa daktari. Wamempima tena, kidoa cha maziwa kimevimba lakini kidogo kuliko zamani. Daktari anasema watoto wengi aleji hii inawaachia wakikua, na mara nyingi huanza kuachia kwa maziwa yaliyookwa. Moto mkali wa oveni, ukikaa muda wa kutosha ndani ya unga, unayabadilisha, mwili unaacha kuyatambua. Kwa hiyo anataka kumjaribu. Siyo nyumbani, hilo amelisema kama mara kumi, nyumbani mtu asithubutu. Ni palepale wodini, dawa na sindano zikiwa mezani. Anapewa keki yenye maziwa kidogo kidogo, wanamwangalia.

Keki inatoka kwa mzazi. Wamenipa vipimo, nimeviambatanisha: maziwa kiasi hiki na si zaidi, yachanganywe sawasawa unga wote, moto kiasi hiki, iive mpaka katikati. Isiwe na maji maji ndani hata kidogo, maana palipobaki pabichi maziwa yanakuwa bado ni yaleyale. Mayai weka, hayamsumbui.

Oveni yangu unaijua, inaunguza kushoto na kulia inaacha uji. Nimejaribu mara mbili nikatupa.

Baba, nataka uoke wewe.

Binti yako

---

Tarehe 21 Machi

Mama,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimelia na sioni aibu. Lakini nakuomba unielewe. Nitakuwekea maziwa kwa mkono wangu, kwa makusudi, ale mtoto huyuhuyu? Sina moyo huo. Nimesoma vile vipimo, ni rahisi, naweza kuvifanya nimefumba macho, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Najua mikono yangu ilifanya nini nikiwa nimefumba macho.

Huko mjini kwenu kuna waokaji wazuri, wana mashine za kisasa zinazohesabu moto zenyewe. Mlipe mmoja, nitatuma gharama. Ikitokea jambo, angalau isiwe mimi tena. Sitaweza kulibeba mara ya pili.

Baba yako

---

Tarehe 27 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nilikwenda kwenye duka la mikate lenye hizo mashine za kisasa. Kijana anayeoka pale akaniambia, "Hamna shida mama, tutaweka weka tu maziwa." Nikaondoka.

Sitaki mtu asiyeogopa. Oka wewe. Kipimo ni tarehe kumi na moja mwezi ujao.

Binti yako

---

Tarehe 9 Aprili

Mama,

Marahaba. Nimeoka.

Duka nilifunga siku nzima, nikaandika mlangoni kuwa kuna kazi ya familia. Lile bakuli nililipeleka kwa fundi baiskeli pamoja na brashi, nikamwambia asinirudishie hata nikija kulia. Maziwa nimeyapima kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa. Nimechanganya mpaka mkono ukafa ganzi. Nimeoka sita, nikapasua mbili katikati nikaziangalia kwa ile miwani, kavu, zimeiva mpaka kiini. Hazing'ai. Ni mbaya kwa sura, zimepauka kama udongo, na sikuzipaka kitu. Nne nimezifunga.

Kila moja ina maziwa, mama. Yaliyo kwenye vipimo tu, na yote yameokwa. Hilo naweza kuliapia, na safari hii niliangalia mikono yangu mwanzo mpaka mwisho.

Mfuko nimempa dereva aushike mapajani. Nimemwambia ukigusana na kitu asirudi mji huu.

Tarehe kumi na moja nitakuwa nimekaa tu. Sitaoka.

Baba yako

---

Tarehe 11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimekaa kwenye benchi la wodi nakuandikia hapohapo, kwa sababu nisipoandika nitakula kucha zote.

Wamempima uzito, wamemsikiliza kifua. Amemnyang'anya daktari kile kifaa cha masikioni. Muuguzi ameikata keki vipande, cha kwanza ni kama harage. Sindano iko mezani, naiona.

Amekula cha kwanza. Ametema, akakiokota, akakila tena. Tunangoja.

Hakuna kitu. Cha pili, kikubwa kidogo. Baba yake amesimama mlangoni, kakunja mikono, hata kupepesa hapepesi.

Cha tatu. Ametokwa na wekundu shavuni. Baba, kalamu ilinidondoka. Daktari ameinama, ameangalia, akainua nguo akaangalia tumbo, akasikiliza kifua. Akasema tungoje. Nimeomba Mungu maombi yasiyo na mpangilio. Wekundu umeondoka, kumbe alikuwa amelilalia bega langu. Tunaendelea.

Cha nne. Anataka kingine kabla ya wakati wake, anamvuta muuguzi koti.

Amemaliza. Keki nzima. Sasa ni kungoja tu, masaa, naye anazunguka wodi akisalimia wagonjwa.

Imekwisha, baba. Hakuna uvimbe, hakuna kikohozi, hakuna kutapika. Daktari anasema anaweza kula vilivyookwa na maziwa ndani, vya kuiva kabisa, kwa kiasi hikihiki, na kila siku ili mwili usisahau. Maziwa yenyewe, siagi, mtindi, bado ni marufuku, sindano ya dharura bado tunatembea nayo, na baada ya miezi kadhaa atapimwa tena. Ametuambia tusifanye haraka. Mimi sina haraka yoyote.

Muuguzi aliuliza keki imetoka duka gani, hajaona moja iliyoiva sawasawa vile. Nikamwambia ameoka baba yangu. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Kisha mtoto akalala mapajani kwa baba yake, mimi nikatoka nje kwenye ngazi na mfuko wako. Ziwa aliliacha tangu mwezi wa pili, lakini mimi niliendelea kutogusa chenye maziwa, kwa mazoea au kwa woga, sijui. Zilikuwa zimebaki tatu. Nikala moja. Nikala kwa kulia, makombo yakaniingia mpaka kifuani, watu wanapita wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Nimekukumbuka, baba. Nilikuwa nimekukumbuka mwaka mzima na nikajifanya ni hofu peke yake.

Badilisha nguo, funga duka, uje. Tutakuwa kituoni sote watatu.

Binti yako